Sauda, Miwani na Daraja la Oraba

Kama ulikulia Koboko miaka yetu ile, huhitaji mtu akueleze harufu ya mvua ya kwanza ikigonga mabati, wala sauti ya watoto wakikimbia na mabeseni kuwahi kumbikumbi. Tulitoka bila viatu, mama zetu nyuma wakipiga kelele kwamba nguo za shule zitachafuka, na hakuna hata mmoja aliyesikia. Kumbikumbi wale walikaangwa kwa chumvi kidogo, tukawala na kisra, ile mikate myembamba kama karatasi ambayo haboba aliitandaza juu ya bati la moto. Haboba ndiyo bibi kwa sisi Wanubi. Watoto wangu nikiwasimulia haya wananitazama kama mtu aliyelamba sabuni. Wao kumbikumbi wanawajua kwenye simu.

Baba yetu alikuwa askari, na nyumba aliiendesha kama kambi. Wakati wa kula ilikuwa "Panga mstari!" Wakati wa kulala ilikuwa "Zima taa!" ingawa taa yenyewe ilikuwa moja tu, ya mafuta, na ilikaa chumbani kwake. Mama akicheka, anaambiwa hata yeye apange mstari. Kiswahili chetu tulikipata hapo, kwa Baba na kwa madereva wa malori waliosimama Koboko, mji wetu wa mpakani Uganda, kunywa chai kabla ya kuelekea Sudan au Congo. Hakikuwa Kiswahili cha vitabu. Lakini ukikosa kukielewa, ulilala njaa.

Michezo tuliijua sisi. Magari ya waya, mpira wa majani makavu ya migomba, kushindana nani atapanda mbali zaidi kwenye miamba ya mlima Liru kabla ya kuitwa nyumbani. Ila mchezo wetu mkubwa, ambao sijaona watoto wa mtaa mwingine wakiucheza, ulikuwa boksi.

Aliyeuanzisha ni kaka yetu mkubwa, Rajabu. Alikuwa akiokota makatoni ya sabuni nyuma ya maduka. Unavalishwa katoni kichwani mpaka mabegani, huoni kitu ila giza lenye harufu ya sabuni, halafu Rajabu anakushika mkono na kukusafirisha. "Sasa uko ndani ya treni ya Khartoum," anasema. "Upande huu iko ngamia. Upande ule iko mto Nile." Mimi, Zaitun, kazi yangu ilikuwa kulitikisa boksi ili treni iende, kupuliza moshi wa ubani wa haboba kupitia kitundu cha pembeni, na kumrushia abiria maji miguuni wakati wa kuvuka Nile. Rajabu mwenyewe hakuwahi kufika Khartoum. Habari zake alizitoa kwa haboba, na haboba alizitoa kwa mama yake, na nadhani kila mmoja aliongeza ngamia wake njiani.

Abiria wetu bora alikuwa Sauda, mdogo wetu wa mwisho. Sisi wengine tulikuwa tunacheka ndani ya boksi. Sauda alikuwa anasafiri kweli. Ukimvua katoni kabla hajashuka kituoni, analia kwa hasira kwamba tumemrudisha Koboko bila ruhusa.

Halafu vita ikafika kwetu. Wenzangu wa rika langu mnaijua asubuhi ile, sina haja ya kuirefusha. Baba hakuwepo. Mama alifunga alichoweza kufunga, Rajabu akajaza nguo zetu kwenye katoni moja na kuliweka kichwani, tukaifuata njia ya kwenda Kaya, upande wa Sudan, pamoja na mtaa mzima. Barabara kubwa iliogopwa. Tukapita mashambani, na tulipoufikia mto, palikuwa na magogo mawili tu yaliyofungwa pamoja kwa kamba. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya rangi, na yalinguruma.

Mama alikuwa amemshika haboba, ambaye miguu ilikuwa imemwishia. Watu nyuma yetu walisukuma. Sauda akakaa chini kwenye matope na kusema, "Mimi hapana taka."

Rajabu hakubishana naye. Alimwaga nguo zetu mikononi mwangu, akamvalisha Sauda lile katoni, akamshika mkono. "Treni ya Khartoum inaondoka," akasema. Na Sauda akasimama. Naapa alisimama. Akapanda juu ya magogo, hatua moja baada ya nyingine, Rajabu akitembea kinyumenyume mbele yake na kumwonyesha ngamia.

Walipofika katikati, tawi lililokuwa limening'inia likaligonga katoni. Katoni likaruka, likaanguka majini, likaondoka na mto. Sauda akatazama chini.

Ukelele ule nimeusikia mara nyingi maishani bila yeye kuutoa tena. Alilala juu ya gogo na kulikumbatia, na hakuna maneno ya Rajabu wala ya Mama yaliyomwinua. Aliyemwokoa ni mzee mmoja tusiyemjua. Alimshika gauni mgongoni kama paka anavyombeba mtoto wake, akavuka naye mpaka ng'ambo, akamweka chini na kuendelea na safari yake. Hata jina lake hatukuuliza.

Miaka tuliyoishi ng'ambo ni hadithi nyingine. Siku ya kurudi nyumbani, Sauda alipita daraja la mpakani amelala chini ya magunia ya simsim, ule ufuta, ndani ya lori, kanga usoni. Tangu hapo hakuvuka tena. Alikua, akaolewa, akazaa, akawa muuza vitenge mkubwa soko la Koboko, mwanamke ambaye akikohoa tu bei inapanda. Lakini Kaya, ambako wateja wake nusu wanatoka, alituma watu. Mara moja tu alijaribu, kulipokuwa na msiba wa rafiki yake upande ule. Alifika Oraba, kituo chetu cha mpaka, akagongewa muhuri, akatembea mpaka mwanzo wa daraja, miguu ikakataa. Madereva wa malori walimbeba na kumrudisha kivulini. Siku ile alijifunika uso, akasema hilo jambo lisizungumzwe tena.

Sasa nije kwenye siku hizi, na kwa binti yangu Nasra.

Mimi naishi Arua, mji mkubwa kusini mwa Koboko. Nasra anachapisha kadi za harusi na fulana hapa hapa nyumbani, na kompyuta yake imekalia meza ambayo zamani ilikuwa ya vyombo vyangu vizuri. Siku moja likaja furushi kutoka Kampala kwa basi. Ndani mlikuwa na miwani, nyeusi, nene, inayofunika uso mzima, na waya mrefu wa kuchomeka kwenye kompyuta. Miwani ya VR, akaniambia. Zamani ilikuwa ya matajiri wa Ulaya. Sasa hii iliyotumika kidogo bei yake haipiti simu ya kawaida, na kompyuta ya nyumbani inatosha kuiendesha.

"Inafanya nini?" nikauliza.

"Unavaa, unaona uko pahali pengine, Mama. Ukigeuka, na hiyo pahali inageuka."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. "Hiyo kitu sisi tulikuwa nayo Koboko," nikamwambia. "Ilikuwa na harufu ya sabuni, na haikutaka umeme."

Basi vijana wa mtaa wakaanza kumiminika sebuleni kwangu. Ungewaona! Mtoto mzima, ndevu zimeota, amesimama juu ya zulia langu akipiga ngumi hewani na kuwakimbia majini wasiokuwepo. Mmoja aliivunja birika yangu ya chai akidhani ni simba. Umeme ukikatika wanakaa kimya wakitazamana kama waliofiwa. Sisi umeme haukuweza kutukatikia, maana haukuwepo. Lakini nikiri: siku waliponivalisha na samaki mkubwa akapita mbele ya pua yangu, niliita jina la Mungu na kukaa juu ya mkate uliokuwa kwenye kochi.

Wakati huo huo huko Koboko kulikuwa na harusi inakuja. Faiza, binti wa Sauda, alikuwa amechumbiwa na Yasini, kijana mpole, fundi wa pikipiki, ambaye familia yake iko Kaya. Kwetu bibi harusi anaingia nyumba ya mume akitanguliwa na mama yake mwenye chetezo cha ubani. Shangazi anaweza kusindikiza, dada anaweza kupiga vigelegele, ila chetezo ni cha mama. Watu wa Yasini walisema, kwa heshima, kwamba kama kuna taabu wangekubali mtu mwingine. Faiza ndiye aliyekataa.

"Mama kama havuki, na mimi sivuki," akasema mbele ya wajomba wote. "Yasini anaweza kungoja."

Yasini akasema atangoja. Lakini nilimwona Sauda usoni. Mtu anayejua kwamba furaha ya mwanawe imesimama nyuma yake, mlangoni, na yeye ndiye aliyeziba mlango.

Alikuja Arua kununua bidhaa, akafikia kwangu. Nasra akamtazama mama yake mdogo akinywa chai bila kuionja, halafu akasema, "Mama mdogo, iko programu moja. Unatembea juu ya daraja. Lakini si daraja ya kweli. Uko hapa tu, kwa zulia."

Sauda akaitazama ile miwani mezani. "Mimi nilivaa boksi pale mtoni," akasema. "Sivai ingine."

"Boksi ilikuficha mto. Hii inakuonyesha. Na ukisema 'zima', nazima. Sikubembelezi."

Sauda alimaliza chai, akaaga, akaenda sokoni. Nusu saa hivi akarudi, akavua kandambili, akasimama katikati ya sebule. "Leta," akasema.

Nasra alikuwa ameweka ubao wa kitanda sakafuni ili miguu ihisi kitu. Sauda akavaa miwani, akapanda ubao. Nikamwona anakaza magoti. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Kisha akasema "Zima!" na kabla mkono wa Nasra haujafika, alikwisha kuing'oa miwani na kuitupa kwenye kochi. Akaenda uani, akatapika, akanawa uso. Nikadhani yameishia hapo. Nikamwambia Nasra, kwa ukali, aifunge hiyo mashine yake.

"Hapana," Sauda akasema akiwa mlangoni, maji yakimdondoka kidevuni. "Nimesema azime. Amezima. Sasa awashe."

Akaanza kuja kila alipopata nafasi. Mwanzoni alisimama tu mwisho wa ubao akishika mkono wangu mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Nasra hakumwambia afumbe macho. Alimwambia kinyume chake: "Angalia chini, mama mdogo. Niambie unaona nini." Na Sauda, kwa sauti ndogo, akataja: maji, jiwe, maji, kivuli changu. Siku nyingine akafika katikati. Siku nyingine akarudi nyuma, akaikasirikia nafsi yake, akaondoka bila kuaga.

Halafu ikaja ile siku ambayo sitaisahau. Alikuwa juu ya ubao, amesimama wima, ameinamisha kichwa kutazama chini, na badala ya kutetemeka akaguna.

"Hii maji gani, Nasra?"

"Ni mto, mama mdogo."

"Mto gani iko buluu namna hii? Mto ya Kaya ikijaa iko nyekundu. Na haipigi kelele kama bomba. Inanguruma chini, hivi." Akanguruma. "Na magogo iko wapi? Maji ikijaa inabeba magogo."

Nasra akakaa kwenye kompyuta. Jioni ile mpaka magharibi walibishana kama mafundi wawili wa nyumba moja. Nasra anabadili rangi ya maji, Sauda anavaa, anatazama, anasema bado. Nasra anaongeza sauti, Sauda anasema bado. Mimi nilikuwa jikoni napika angara, yule samaki mkavu wetu, na niliwasikiliza nikacheka peke yangu. Mtu aliyefikia kuukosoa mto, nilijua miguu yake imeanza kurudi.

Walipopatia, Sauda aliinama akayatazama maji yale. Kisha akatembea ubao mzima, mwanzo mpaka mwisho, akageuka, akarudi. Alipovua, macho yake yalikuwa mekundu. "Ndiyo hiyo," akasema. "Ndivyo ilikuwa." Nasra akamkumbatia. Na mimi, niliyemzidi Sauda umri na kuuona mto ule ule, ndipo nikafahamu kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza aliona nini.

Siku ya harusi tulifika Oraba mapema. Malori yamejipanga, mawakala wa forodha wanakimbizana na karatasi, wabadilishaji fedha na vibunda vyao mkononi. Rajabu, ambaye sasa ana mvi na magoti mabovu, alikuwa amevaa kanzu mpya na alikuwa na wasiwasi kuliko sisi sote. Tulipofika mwanzo wa daraja Sauda akasimama. Alikuwa ameshika chetezo kwa mikono miwili, na niliona makaa yakicheza ndani yake.

Rajabu akasogea, akasema polepole, "Sauda, fumba macho. Mimi nashika mkono, nakupeleka."

"Kaka," Sauda akasema, "wewe ulinipeleka na moyo safi. Lakini leo hapana nipeleka. Leo naangalia."

Akatangulia. Faiza nyuma yake katika toubu ya kijani, ile nguo ndefu ya kujitanda, sisi nyuma ya Faiza, na Nasra pembeni, mikono mitupu, midomo ikisogea kama anayeomba. Sauda hakwenda haraka. Katikati ya daraja akasimama. Lori likapiga honi. Yeye akasogea ukingoni, akainama, akautazama mto ule kwa kitambo, kama mtu anayemtazama shahidi wa kesi ya zamani. Kisha akainua uso.

"Leo haijajaa," akamwambia Nasra, kana kwamba wanaendelea na ubishi wao wa sebuleni. Akaendelea kutembea.

Vigelegele vilivyotoka upande wa Kaya, nadhani hata Koboko vilisikika. Mama yake Yasini alimpokea Sauda kwa mikono miwili na kumwambia, kwa Kiarabu chao cha Juba, kwamba nyumba imengoja harufu ya ubani huo. Rajabu alikaa juu ya jiwe kando ya barabara na kulia waziwazi, mwanamume mzima, huku wabadilishaji fedha wakimtazama. Tukala nyama na mikate ya gurusa, tukacheza ngoma mpaka jua likaelekea kuzama, na Sauda akarudi Uganda kwa miguu yake, akimgombeza dereva wa boda aliyetaka kumpitia karibu mno.

Sasa wenzangu, mtaniuliza: nilikuwa navicheka vitu vya watoto hawa, bado navicheka? Navicheka. Kijana anayekimbia simba asiyekuwepo na kuvunja birika iliyokuwepo nitamcheka mpaka kufa. Sisi tulipata ngamia kwa maneno matupu na moshi wa ubani, wao wanataka waya na umeme na bando. Nikiweza ningewapeleka asubuhi moja tu nyuma ya yale maduka, wasikie sauti ya haboba akiita watu wakale kisra ingali moto. Nilimwuliza Nasra kama ndani ya miwani yake anaweza kuniwekea Koboko ile. Akaniuliza nyumba zilikuwa za rangi gani, njia ilipita wapi. Nikaanza kumweleza, na nikagundua kwamba sehemu nyingine nimesahau, na wa kuwauliza tumeshawazika.

Ila jambo moja nawapa, bila kuwanyima. Enzi zetu hofu tuliifunika, tukaishika mkono na kuivusha gizani, maana wakati huo hapakuwa na nafasi ya kingine. Watoto hawa wameikalisha hofu sebuleni mwangu, wakaiuliza ina rangi gani.

Ijumaa iliyopita nilimpigia Sauda simu nimwulize habari. Nyuma ya sauti yake nilisikia malori na watu wakibishana kwa Kiarabu.

"Uko wapi, wewe?"

"Niko Kaya. Nimeleta vitenge mwenyewe, na Faiza amenipikia. Sema haraka, betri ya simu inaisha moto."

Zamani ile, kwenda ng'ambo ya mto maana yake ilikuwa kukimbia, na hujui kama utarudi.

"Niletee karkade," nikamwambia. "Ile ya chai, nyekundu sana."

"Nimeshanunua," akasema, akakata.